Kui wa Ukutani

Tepu ya kupimia ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika pazia. Hapo ndipo tulipomwacha Mzee Wanyoike wiki iliyopita, na nyuma yake Austine Omolo akitafuta neno la kumzuia.

Neno alilolipata halikufaa.

"Mzee, huko nyuma kuna vumbi."

Mzee Wanyoike alicheka. Mtu aliyetengeneza vitanda Shauri Moyo tangu ujana wake, akala vumbi la mbao asubuhi na jioni, hatishwi na vumbi la chumbani.

"Kijana, kitanda kiko nje juu ya mkokoteni," alisema. "Mimi sitengenezi kitu bila kupima atakayelala ndani yake na mahali kitakapokaa. Hiki nimekitengeneza kwa kukisia, na roho haijatulia. Niache nipime."

Akavuta pazia.

Kwa msomaji aliyekosa gazeti la wiki jana, nitasema kwa ufupi, kisha tuendelee.

Austine ni mchoraji wa mabango. Ukipita Barabara ya Jogoo ukamwona kinyozi wa ukutani anayetabasamu, au kuku wa kukaanga ambaye bado kidogo anukie, huenda ni kazi yake. Kwa miaka mitatu ameishi na Kui, binti wa Mzee Wanyoike, katika nyumba ya chumba kimoja hapa Mbotela, bila kwenda kwa wazazi wa Kui, bila kupeleka hata kilo ya sukari. Kwa ajili hiyo Mzee alikuwa amekataza jina la Kui lisitajwe mezani kwake.

Mwaka huu moyo wake ulilainika. Wazee wa pande mbili wakaonana, wakapatana. Na leo, Jumamosi mchana, akina mama wa upande wa Kui wamekuja Mbotela na mashuka na mablanketi mapya kumtandikia binti yao kitanda kwa mikono yao wenyewe. Wakitandika, Kui ni mke wa mtu. Wasipotandika, wanarudi naye.

Kosa la Austine lilianzia hapo kwenye kutandika. Yeye ni Mjaluo. Kwao mkwe hakaribii kitanda cha binti yake; hata kulala chini ya paa moja naye ni jambo zito. Kwa hiyo aliposikia wakwe wanakuja, aliona pazia linatosha. Wageni watakaa upande wa viti, watakula, wataomba, wataondoka. Nani atapita kwenda kitandani?

Kui alijua zaidi. Asubuhi, kabla ya kwenda kwa jirani kuvalishwa, alichukua leso yake kubwa akaipigilia misumari juu ya ukuta wa chumbani, akamwambia Austine asiiguse.

Lakini meza ilikuwa na madoa ya rangi. Apondi, shangazi yake Austine aliyekuja kusimamia mapishi, aliuliza kama wakwe watakula juu ya meza iliyopigwa rangi kama bango la duka. Austine akaona aibu. Akang'oa misumari.

Sasa leso ilikuwa mezani, na juu yake kikombe cha chai ya Mzee Wanyoike, bado chatoa mvuke. Na ukuta ulikuwa wazi.

Mzee alisimama mbele ya binti yake.

Kui wa ukutani alikuwa na ukubwa wa Kui mwenyewe. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga imeshuka mpaka kiunoni, mabega wazi, kifua wazi, nywele hazijasukwa. Alimtazama mtu aliyesimama mbele yake kama mwanamke anavyomtazama mtu mmoja tu duniani. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya tumbo, umelibeba. Na tumbo lilikuwa kubwa.

Tepu ilijirudisha yenyewe ndani ya kasha lake, ikalia kama nzige.

"Umemchora binti yangu bila nguo," Mzee alisema polepole.

Austine alilirudisha pazia nyuma yao.

"Kwenye ukuta. Kama tangazo."

"Si tangazo, Mzee. Ni yeye aliyeniomba."

Mzee alikuwa ameinua mkono, na Austine alifikiri anapigwa. Lakini mkono ulisimama hewani. Macho ya fundi yalikuwa yametoka kwenye mabega yakashuka. Yalikuwa yamefika tumboni, na hapo hayakusogea tena.

"Hii ni lini?"

"Mwaka jana. Wakati wa mvua ndefu."

"Mwaka jana wakati wa mvua ndefu nilisikia watu wakisema yuko Naivasha. Kazi ya mashamba ya maua."

"Hakuwa Naivasha, Mzee. Alikuwa hapa, nyuma ya pazia hili. Hakutaka mtu wa kanisa lenu amwone akakuletea habari."

Nje, akina mama walianza wimbo. Kulingana na desturi, hawaingii mpaka waimbe na wenyeji wawajibu. Apondi alikuwa mlangoni akiwajibu kwa mzaha, akiwauliza kama wamebeba blanketi au wamebeba maneno matupu. Kicheko kilifika mpaka chumbani.

Mzee Wanyoike hakukisikia.

"Mtoto yuko wapi?"

Austine alilitazama tumbo lile alilolichora kwa mkono wake. Alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, lakini hilo hakuwahi kulijibu kwa sauti.

"Alizaliwa, Mzee," alisema. "Hakulia."

Mzee alikaa kitandani. Chege, mzee wa kanisa aliyekuwa mshenga wao, aliita kutoka upande wa viti, akauliza kama Fundi anapima kitanda au anapima uwanja wa mpira. Mzee alimjibu kwa sauti ya kawaida kwamba kuna kazi ndogo ya ukuta. Akamwomba atoke nje, awaambie akina mama waimbe zaidi, wasiwe na haraka.

Chege alitoka. Wimbo ukapanda.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na Kui," Austine alisema.

Hapo Austine alisema uongo, msomaji wangu. Weka hilo akilini.

Mzee alisimama. Pembeni mwa kitanda, ambako watu wengine huweka viatu, Austine huweka mikebe ya rangi. Mzee aliionyesha kwa kidole.

"Funika."

"Mzee?"

"Akina mama wanakuja kutandika hapa. Mke wangu yuko mbele yao. Siwezi kumpa mama yake kitu hiki akione, aanze kumlilia mtoto ambaye hakuwahi kumjua. Paka nyeupe. Ukifunika, nitatoka hapa kama mtu asiyeona kitu, kitanda kitaingia, watatandika. Usipofunika, nitatoka na Kui na kitanda changu, na usimtafute."

Aliposema hayo hakupandisha sauti. Austine angependa apandishe. Mtu akifoka unaweza kumfokea.

Alichuchumaa kwenye mikebe. Picha ile alikuwa amemwahidi Kui hataifuta kamwe. Hawakuwa na nyingine. Kui alikuwa amekataa kupigwa picha ya simu miezi yote ile, akiogopa isije ikatumwa kwa mtu na mtu akatuma kwa mwingine mpaka ikafika Shauri Moyo. Mtoto mwenyewe Kui alionyeshwa tu akiwa amefunikwa, muda wa kuvuta pumzi, kisha akaondolewa. Kilichobaki duniani kuonyesha kwamba aliwahi kumbeba kilikuwa ukuta huu. Kila asubuhi aliugusa kabla ya kushuka kitandani. Siku chache tu zilizopita, unyevu ulipobandua rangi tumboni, alikuwa amemwomba Austine airudishe, na Austine akapaka upya lile tumbo na ule mkono, Kui akimwangazia kwa taa ya simu.

Kwa hiyo mkono wake ulipofika kwenye mikebe ulichagua kwa hila. Ulichukua rangi ya maji.

Kila mchoraji anajua: rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta haishiki. Inakaa kama unga usoni. Wageni wakishaondoka, kitambaa chenye maji kitairudisha picha yote.

Alifungua mkebe kwa bisibisi, akachovya brashi.

Mzee Wanyoike alichovya kidole. Akakisugua kwa dole gumba.

"Hii ni ya maji," alisema. "Mimi hupaka vanishi kila siku ya Mungu. Usinifanye mjinga ndani ya nyumba uliyonikaribisha chai. Leta ya mafuta."

Hapakuwa na hila nyingine. Austine alileta ya mafuta.

Alipiga magoti akaanza na miguu. Akapaka vidole vya mguu wa kushoto, kimoja kimoja, kama mtu anayeandika jina la duka kubwa. Akina mama walimaliza ubeti, wakaanza mwingine.

"Nani alikufundisha kuanzia chini?" Mzee aliuliza. "Rangi hudondoka. Fundi huanza juu."

"Najua, Mzee."

"Basi anza juu."

Austine alisimama. Juu kulikuwa na uso. Aliinua brashi, na Kui wa ukutani akamtazama vilevile kama siku ile ya mvua, alipomwuliza kama miguu yake imevimba sana na kama ataichora hivyo hivyo. Mkono ulikaa hewani. Tone moja liliangukia sakafuni, la pili likaangukia kiatu chake.

Mzee alimnyang'anya brashi.

Hata yeye hakuanza na uso. Alianza mabegani. Alipaka upesi na kwa ustadi, mapigo marefu yaliyonyooka, na kadiri nyeupe ilivyoshuka kifuani ilionekana kama baba anayemvalisha binti yake fulana kwa nguvu. Austine alisimama pembeni, mikono inaning'inia. Alikuwa mrefu kuliko Mzee na mwenye nguvu kumshinda, na hakukuwa na kitu hata kimoja ambacho angeweza kufanya. Kumshika mkono ni kumpoteza Kui. Kumwacha ni kumpoteza Kui.

Brashi ilishuka mpaka juu ya tumbo. Ikapita mara moja, toka upande mmoja hadi mwingine.

"Niko hapa, Baba. Wa kuzungumza naye ni mimi."

Kui alikuwa ameingia kwa mlango wa uani. Kwa jirani alikuwa amesikia wimbo ukirefushwa kupita kawaida, na akajua kuna jambo. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge na shanga shingoni, na uso umepambwa kwa furaha ya watu wengine. Alitazama ukuta. Alitazama brashi. Kisha alimtazama Austine, na Austine akaangalia sakafu.

"Leso yangu iko wapi?"

"Mezani," Austine alisema.

Kui aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

"Ungeniambia," Mzee alimwambia, brashi bado iko juu. "Mimi ni baba yako. Ungeniambia."

"Ningekuambia kupitia nani? Ulisema nisitajwe."

"Nilisema kwa hasira."

"Ulisema, Baba. Na watu walikusikia."

Mzee alilitazama tena tumbo na ule mstari mweupe uliolipita. Kitu kilikuwa kinamjia usoni, taratibu, na Austine alikiona kabla Mzee mwenyewe hajakielewa.

"Alikuwa wa kiume?"

"Wa kiume."

Hapa yafaa niseme jambo moja kwa wasomaji wasio Wakikuyu. Kwao mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake mzaa baba. Lakini mwanamke ambaye kwao hakujapelekwa chochote huhesabiwa bado ni wa nyumba ya baba yake, na mtoto wake huitwa kwa jina la huko. Mzee Wanyoike hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na Kui peke yake. Kila mtu pale Shauri Moyo alijua kwamba jina lake lingeishia kwake.

"Mlimwitaje?" aliuliza, ingawa alijua.

"Alikuwa Wanyoike," Kui alisema. "Nilitaka nije naye mlangoni kwako. Nilijua hata kama hutaki kuniona mimi, ukisikia jina utafungua."

Brashi ilianza kudondosha rangi juu ya suruali ya Mzee. Hakuiondoa.

Wimbo wa nje ukakoma.

Kisha ikasikika sauti ya Apondi akisema mlango utafunguliwa kwa mama wa binti peke yake, wengine wangoje kwanza, nyumba ni ndogo na mioyo ya Mbotela haina haraka. Wanawake wakacheka. Hatua zikavuka upande wa viti.

Mirriam, mke wa Mzee Wanyoike, alipita pazia akiwa amekumbatia blanketi ndani ya mfuko wake wa plastiki wenye zipu.

Mzee alijaribu kusimama mbele ya ukuta. Ni mtu mwembamba. Alifunika kidogo sana.

"Mama Kui, usitazame," alisema. "Tafadhali. Rudi nje kwanza."

Mirriam alitazama. Aliutazama uso wa binti yake, mabega yaliyopakwa nyeupe, tumbo lenye mstari. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomwogopesha mume wake, kwamba hakushtuka hata kidogo.

"Umefikia hapo," alisema.

"Unaijua picha hii?"

"Naijua."

"Na mtoto?"

"Mimi ndiye niliyempokea, Baba Kui."

Mzee alimgeukia Austine. "Ulisema ni nyinyi wawili."

"Mama alituapisha," Austine alisema.

"Mwache kijana," Mirriam alisema. "Niulize mimi. Nilikuwa nakuja hapa kila Alhamisi nikikwambia ninaenda mazoezi ya kwaya. Nilimkanda miguu. Nilimpeleka hospitali. Niliporudi nyumbani siku ile nilikukuta unakula, nikakuwekea mboga. Hukuuliza kwa nini macho yangu ni mekundu."

"Ungesema."

"Ulikataza jina la Kui lisitajwe mezani," alisema mkewe. "Nilitii."

Alisema bila chuki. Mzee Wanyoike alimtazama kama mtu anayesubiri pigo la pili ili la kwanza lieleweke. Halikuja. Aliiweka brashi juu ya mkebe kwa uangalifu, akajifuta mikono kwenye koti lake la Jumapili.

"Inatoka?" alimwuliza Austine.

"Nini, Mzee?"

"Hii niliyopaka. Inatoka?"

Austine alikuwa mchoraji, na swali la rangi ndilo pekee aliloweza kulijibu siku ile. Alisema inatoka kwa mafuta ya taa, iwapo itafutwa sasa hivi kabla haijashika. Ya chini imeshakauka mwaka mzima, haitasumbuka. Alikimbilia jiko la stovu, akalowesha kitambaa, akarudi nacho.

Alitaka kufuta mwenyewe. Mzee alinyoosha mkono.

"Niliyechafua ni mimi."

Tena Austine alimpa. Ungefanyaje wewe? Mkwe wako ananyoosha mkono akiomba kurekebisha. Unampa.

Mzee alianza juu, kama fundi. Alifuta bega la kulia, na bega likarudi, la hudhurungi, linang'aa. Alifuta la kushoto. Alipofika kifuani aligeuza uso upande akafuta bila kutazama, na Kui, licha ya yote, alicheka kidogo kwa pua. Mirriam naye akatabasamu. Chumba kikavuta pumzi. Austine aliegemea ukuta wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu pazia livutwe alifikiria kwamba labda kitanda kitaingia, labda kitatandikwa, labda usiku huu yeye na mke wake watalala juu ya mbao za baba yake Kui.

Kitambaa kilifika tumboni.

Mzee alifuta hapo kwa upole zaidi ya kote. Alizungusha mkono, polepole, kama anayempangusa mtoto.

Ndipo Austine alipokumbuka.

Tumbo hakulipaka mwaka jana. Alilipaka siku chache zilizopita. Na rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye unyevu hukauka juu tu, ikatengeneza ngozi, huku ndani bado laini kama uji.

"Mzee, ngoja, hapo usi..."

Ngozi ilipasuka. Mstari mweupe ulitoka, na hudhurungi ikatoka nao. Mzee alidhani ni uchafu uliobaki, akafuta tena ausafishe. Tumbo likaondoka. Mkono uliolibeba ukaondoka nalo. Aliposimama, katikati ya Kui wa ukutani palikuwa na saruji ya kijivu iliyolowa mafuta ya taa, na mwanamke aliyeketi ukingoni mwa kitanda alikuwa anaangalia mbele kwa uso uleule wa mapenzi, habebi kitu.

Mzee aliangalia kitambaa. Kilikuwa kimejaa hudhurungi.

"Nilikuwa nasafisha," alisema. "Kui. Mimi nilikuwa nasafisha."

"Nimekuona, Baba."

"Huyu si mchoraji? Atachora tena. Kijana, utachora tena."

Austine angeweza kusema ndiyo. Lakini alikuwa amemchora Kui akimtazama, siku baada ya siku, tumbo likiwa pale mbele yake, likisogea. Angemtazama nani sasa? Alitikisa kichwa.

Kui alimnyang'anya baba yake kitambaa, bila ukali. Alikikunja, upande wenye rangi ukawa ndani. Akakikunja tena. Akakishika kifuani juu ya shanga, na harufu ya mafuta ya taa ikaenea chumba kizima, na doa likaanza kuingia kwenye gauni jipya. Hakujali.

"Nilikuwa na mahali pamoja pa kumwangalia," alisema. "Sasa sina."

Austine alimwita jina. Hakugeuka.

"Leo hakuna kutandika," Kui aliendelea. "Baba, kitanda chako ni kizuri, nimekiona kule nje. Lakini mimi sitakilalia. Wala sirudi Shauri Moyo na nyinyi mpaka nijibiwe kitu kimoja." Akamgeukia mama yake. "Mama, ulituambia tupumzike, utashughulika. Sikukuuliza. Niliogopa nikijua mahali nitaenda kulala hapo. Leo nakuuliza. Ulimpeleka wapi?"

Upande wa viti sauti zilikuwa zimepanda. Chege alikuwa anawaambia akina mama wavumilie, na akina mama walikuwa wanamwuliza kama wamekuja kutandika kitanda au kulinda mlango. Apondi hakusikika tena.

Mirriam alimgeukia mume wake.

"Mwaka jana nilikuomba kisanduku," alisema. "Cha mvule. Chenye kifuniko."

Mzee alikunja uso. "Kile cha vitambaa vya kanisa."

"Uliniuliza ni cha urefu gani."

"Nilikuuliza. Mimi nisipopima sitengenezi. Ukasema huna kipimo."

"Nikakuonyesha kwa mikono."

"Ukanionyesha kwa mikono," Mzee alisema. "Na ukataka ndani nipige msasa zaidi kuliko nje. Nikakwambia hakuna anayepiga msasa ndani. Ukasema..."

Hakumaliza.

Mirriam alilaza blanketi chini, juu ya sakafu iliyodondokewa na rangi. Kisha akainua mikono yake miwili mbele ya mume wake, viganja vimetazamana, na kati yao akaacha nafasi ileile aliyoiacha siku ile karakanani Shauri Moyo. Ilikuwa nafasi ndogo. Mzee Wanyoike aliitazama. Mkono wake uliitafuta tepu mfukoni kama wa kupima, ikamtoka ikaanguka, na hakuinama kuiokota.

"Yuko wapi?" alisema kwa sauti ambayo Kui hakuwahi kuisikia kwa baba yake.

Mirriam alikuwa bado hajashusha mikono, pazia nyuma yao lilipoanza kusogea.